Amplifaya za daraja D: umeme gani unazifaa, na jinsi ya kuepuka kuunguza mashine au nyumba

Ukipita Kanyosha jioni, kuanzia barabara ya Rumonge ukipanda kuelekea milimani, utasikia muziki kutoka kila upande: kwa kinyozi, kwenye duka la kuchaji simu, kwenye chumba ambamo kwaya inafanya mazoezi. Zamani mashine ya kazi hiyo ilikuwa sanduku zito la chuma ambalo watu wawili walilibeba kwa kupokezana. Siku hizi mara nyingi ni kibao kinachotosha kiganjani, au kisanduku chepesi chenye taa za rangi. Hizo ndizo amplifaya za daraja D, ambazo wengi hapa Bujumbura huziita tu "ampli".

Kwa familia za wakimbizi na za wenyeji, kifaa hiki ni mtaji. Kikundi cha ibada hukichangia kwa miezi. Kijana anayepiga muziki kwenye sherehe hukikopea. Kisha kinaungua wiki ya pili, na muuzaji anasema umetumia vibaya. Mafundi tuliozungumza nao wanarudia jambo moja: mara nyingi kibao chenyewe hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye umeme kilioungiwa. Ukurasa huu unaeleza mashine hizi zinavyofanya kazi, zinahitaji umeme wa namna gani, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa. Umeandikwa kwa mnunuzi, ingawa fundi naye atapata lake.

Daraja D maana yake nini?

Amplifaya zote zina kazi moja: kuchukua sauti dhaifu kutoka kwenye simu, redio au maikrofoni na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Tofauti iko kwenye transista za mwisho, zile zinazobeba mzigo. Katika mashine za zamani, za daraja AB, transista hukaa nusu wazi, mithili ya bomba la maji lililofunguliwa kidogo. Umeme unaozuiliwa hapo hugeuka joto. Ndiyo maana mashine hizo zina bati nene la alumini mgongoni, na ukiliwekea mkono baada ya saa moja ya muziki unautoa haraka.

Katika daraja D transista haikai nusu. Ama imewashwa kabisa ama imezimwa kabisa, kama swichi ya taa. Inafanya hivyo mara laki nyingi kwa sekunde. Chipu iitwayo TPA3116D2, iliyobuniwa na kampuni ya Marekani ya Texas Instruments na inayopatikana kwenye vibao vingi vya bei nafuu, inaweza kupangwa ifanye kazi kati ya mara 400,000 na mara 1,200,000 kwa sekunde. Wimbi la sauti likipanda, muda wa kuwashwa unarefuka, likishuka, unafupika. Mwishoni koili na kapasita huchuja mapigo hayo ya kasi, na kinachofika kwenye spika ni muziki.

Swichi iliyozimwa haipitishi umeme, na iliyowashwa karibu haiuzuii kabisa, kwa hiyo joto ni kidogo. Mashine nzuri ya daraja D ikipiga kwa nguvu hupeleka kwenye spika zaidi ya asilimia 85 ya umeme inaoupokea. Ya daraja AB hufika asilimia 60 hivi inapopiga kwa nguvu zote, na inapopiga taratibu, kama tunavyosikiliza nyumbani, hushuka chini sana ya hapo. Anayelipa umeme wa Cash Power atauona utofauti huo kwenye yuniti zake, na anayetumia betri atauona mapema zaidi.

Herufi D haimaanishi "dijitali", ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo. Ni herufi iliyofuata tu baada ya A, B na C. Wala wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1964 Mwingereza Clive Sinclair aliuza amplifaya ya kujiungia mwenyewe nyumbani, iitwayo X-10. Ilitangazwa kuwa na wati 10 lakini ilitoa sehemu ndogo tu ya hizo, na kwa kukosa kichujio cha kutosha ilisumbua redio zilizokuwa karibu. Sony walitoa yao, TA-N88, mwaka 1977. Ilibidi kusubiri transista zenye kasi zaidi na chipu za bei nafuu, miaka ya 1990 na 2000, ndipo mashine hizi zikaenea. Utaona basi kwamba uongo wa wati umeanza zamani sana.

Wati za kwenye boksi na wati za kwenye adapta

Boksi linasema 1000 W. Lingine linasema P.M.P.O. 5000 W. Usiliamini. Chukua adapta iliyomo ndani usome maandishi madogo: 12 V, 2 A. Zidisha namba hizo mbili. Kumi na mbili mara mbili ni wati 24, na hizo ni kwa mashine nzima, spika zote kwa pamoja. Amplifaya haizalishi nguvu, inaipitisha tu. Kapasita zake zinaweza kuongeza kidogo kwa kufumba na kufumbua wakati ngoma inapopiga, basi. Namba ya P.M.P.O. haina kipimo chochote kinachokubalika na wote. Ni mapambo ya boksi.

Kikomo cha pili ni volti. Vibao vingi vya daraja D husukuma kila spika kwa nyaya zake zote mbili kwa zamu. Kwa vibao vya aina hiyo kuna hesabu rahisi: chukua volti za umeme unaoingia, zizidishe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika. Ukiwa na betri ya volti 12 na spika ya omu 8, unapata 144 kugawanya kwa 16, yaani wati 9 kwa kila spika. Spika ya omu 4 itapata 18. Kwa volti 19 namba zinakuwa 22 na 45. Kwa volti 24 zinakuwa 36 na 72, ila kabla ya kufika 72 chipu ndogo itakuwa imeshapata joto na kujizima. Kiwandani, TPA3116D2 inatangazwa kuwa na wati 50 kwa kila spika ya omu 4 kwenye volti 21, na hata hizo 50 zimehesabiwa sauti ikiwa na mkwaruzo wa asilimia 10, kiwango ambacho sikio linakitambua bila shida.

Wati 9 zinasikika kama aibu, lakini si ndogo kama unavyodhani. Sikio halihesabu kama kikokotoo: ili sauti isikike maradufu, wati zinapaswa kuongezeka karibu mara kumi. Kutoka 9 kwenda 18 utaona tofauti kidogo tu. Sebuleni au kwa kinyozi, wati 9 zinatosha na kubaki. Kwa kwaya inayoimba uwanjani hazitoshi, na hapo kabla ya kununua mashine kubwa jaribu kwanza spika bora. Spika mbili zenye omu zilezile zinaweza kutofautiana sana kwa sauti zinayotoa kutoka kwenye wati moja.

Ukitumia umeme wa ukutani: transfoma au swichi?

Umeme wa Regideso ni mkondo geu wa volti 220 hadi 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba ya kwenye karatasi. Anayeishi Kanyosha anajua kwamba jioni taa zinaweza kufifia, kwamba umeme hukatika, na kwamba unaporudi hurudi kwa kishindo. Amplifaya yenyewe inataka umeme mnyoofu, kama wa betri, wa volti 12 hadi 24 au zaidi kidogo. Kati ya ukuta na kibao lazima kiwepo kifaa cha kugeuza, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Njia ya zamani ni transfoma ya shaba, dayodi nne na kapasita kubwa. Mafundi wetu wengi wanaipenda, na wana sababu: ni imara, haina siri, na ikiharibika inatengenezeka. Ubaya wake ni uzito, bei ya shaba, na jambo moja ambalo halionekani kwa macho: volti zake hufuata zile za ukutani. Ukutani zikipanda, nazo zinapanda.

Tuchukue mfano ambao unawaunguzia watu vibao. Fundi ana transfoma iliyoandikwa 18 V. Baada ya dayodi na kapasita, volti hizo huongezeka kwa 1.41, kwa hiyo zinakuwa 25 na kidogo. Dayodi hula moja na nusu, zinabaki kama 24. Kibao kimeandikwa mwisho 26. Inaonekana sawa. Lakini transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa, mara nyingi kwa asilimia 10 hivi, na umeme unaporudi baada ya kukatika ukutani nako kunaweza kuzidi asilimia 10. Ukihesabu yote mawili unafika volti 29. Muziki haujaanza, mtu amewasha tu, na chipu imekufa. Kwa kibao kinachokubali mpaka volti 26, transfoma ya 15 V ndiyo salama. Utapoteza wati chache na utalala usingizi.

Njia ya pili ni pawa saplai ya swichi. Hii ni ndugu wa amplifaya yenyewe, maana nayo hufanya kazi kwa kukata umeme vipande vipande. Kwanza inanyoosha umeme wa ukutani moja kwa moja, ambao sasa unakuwa volti kati ya 310 na 325. Kisha inaukata mara makumi ya maelfu kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo sana, kwa sababu kadiri kasi inavyokuwa kubwa ndivyo chuma na shaba vinavyohitajika kuwa kidogo. Mwishoni kuna sehemu inayopima volti zinazotoka na kurekebisha ukataji kila wakati. Ndiyo maana lebo yake husema inapokea 100 hadi 240 V: ukutani zikishuka mpaka 180 au zikipanda mpaka 235, wewe bado unapata 19 zilezile. Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, sifa hiyo ni kubwa kuliko zote.

Pawa saplai nzuri ya aina hii iliyo rahisi kupatikana ni chaja ya kompyuta ya mkononi iliyotumika. Nyingi hutoa 19 V, iliyoandikwa 3.42 A ina wati 65, na iliyoandikwa 4.74 A ina wati 90. Kiwanda kilichoitengeneza kwa ajili ya kompyuta ya bei kubwa kiliweka ndani vilinzi ambavyo hutavikuta kwenye adapta ya kung'aa inayouzwa na boksi la 1000 W. Fundi akikata kichwa cha waya, apime kwanza kwa mita upande upi ni chanya. Baadhi ya chaja zina waya wa tatu, mwembamba, ambao ni wa kuongea na kompyuta. Huo haubebi umeme wa kutumia, na uachwe ukiwa umefungwa tepu.

Chaja ina tabia moja ya kuizoea. Besi ikipiga kwa nguvu na kuomba ampea zaidi ya ilizonazo, inajizima yenyewe kisha inajiwasha, na wewe unasikia sauti ikikatika kwa kufuata ngoma. Huo si ugonjwa, ni ulinzi. Punguza sauti au tafuta chaja kubwa zaidi. Wengine huongeza kapasita kubwa karibu na kibao, na inasaidia. Lakini ukizidisha, chaja inadhani kuna shoti na inakataa kuwaka kabisa.

Kuna pia zile pawa saplai za bati lenye matundu, zenye skrubu pembeni, zinazotumika kwa taa na kamera za ulinzi. Zina ampea nyingi kwa bei ndogo na tunaziona kwenye vyumba vya ibada. Tahadhari tatu. Skrubu za kuingizia 220 V ziko nje na mtoto anaweza kuzigusa, kwa hiyo lazima iwekwe ndani ya kasha linalopitisha hewa. Nyingi zina kiswichi kidogo ubavuni cha kuchagua 110 au 220. Kikiwa kwenye 110 ukachomeka hapa kwetu, utasikia mlipuko. Na kuna skrubu ndogo ya kurekebisha volti, ambayo mtu mwenye haraka ya kupata sauti kubwa huizungusha mpaka kibao kiungue.

Betri na sola

Hapa ndipo daraja D inapowafaa zaidi wasomaji wetu, walio mjini na walio kambini. Jenereta ilikuwa suluhisho la sherehe nyingi, lakini kwa uhaba wa petroli ambao Burundi imeishi nao kwa miaka kadhaa sasa, jenereta nyingi zimelala. Betri haihitaji foleni.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kununua betri, kisha inveta ya kupata 220 V, kisha kuchomeka humo adapta ya kurudisha 12 V. Umeme umepandishwa na kushushwa bure, na kila hatua imekula fungu lake. Kibao cha daraja D kinachokubali volti 12 kinaweza kuungwa kwenye betri moja kwa moja, kupitia fyuzi.

Fanya hesabu ya kukadiria. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 haifai kumalizwa. Ukiitumia nusu itadumu, na nusu hiyo ni kama wati-saa 600. Tuseme spika zako zinapokea wastani wa wati 10, na kwa muziki wa nyumbani hiyo ni sauti ya kutosha. Kibao cha daraja D kitaivuta betri wati 13 hivi, na utapiga muziki zaidi ya saa 40. Mashine ya zamani ya daraja AB kwa sauti ileile, ikipitia inveta, inaweza kuvuta wati 60, na saa 10 baadaye umekwisha. Tena inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini, na transfoma ya mashine ya zamani hunguruma na kupata joto ikilishwa na wimbi la namna hiyo.

Usiunge paneli ya sola moja kwa moja kwenye amplifaya. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa 21 au 22 isipokuwa na mzigo, na zile kubwa zinaweza kupita 40. Wingu likipita, volti zinashuka na sauti inakatika. Jua likirudi, zinapanda na chipu inaungua. Paneli iende kwenye kidhibiti chaji, kidhibiti kwenye betri, betri kwenye amplifaya. Kumbuka pia kwamba betri ya volti 12 inapochajiwa hufika 14 na nusu hivi. Kibao kinachokubali 26 hakina shida, lakini tazama kapasita zake kubwa: kama zimeandikwa 16 V ziko ukingoni, na kibao kinachouzwa kama cha 24 V huku kapasita zake zimeandikwa 25 V hakifai kulishwa 24.

Jambo ambalo watu hulidharau ni waya. Kwenye volti 12 ampea ni nyingi, na waya mwembamba hula sauti. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda na kurudi mita 10. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, besi inapovuta ampea 10 unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Kwa ule wa 2.5 unapoteza kama 0.7. Nyaya nyepesi zinazouzwa rahisi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwaruza ncha kwa wembe utaona weupe ndani. Sogeza betri karibu na amplifaya, kisha acha waya wa spika ndio uwe mrefu.

Mashine kubwa zenye umeme wa pande mbili

Wanaounda mashine za makanisa au za sherehe hufika mahali volti 24 hazitoshi, wakahamia kwenye vibao kama vile vya chipu IRS2092. Hivi kwa kawaida huhitaji umeme wa pande mbili: chanya, sifuri katikati, na hasi, kwa mfano volti 50 juu na 50 chini. Kati ya ncha na ncha ni volti 100 za umeme mnyoofu, zinazoweza kuua. Hii si kazi ya kujifunzia peke yako nyumbani.

Fundi anapaswa kujua tabia moja ya mashine hizi ambayo mashine za AB hazina. Besi nzito inapovuta upande mmoja, sehemu ya nguvu iliyohifadhiwa kwenye koili hurudi na kupandisha volti za upande wa pili. Transfoma yenye kapasita kubwa humeza ziada hiyo. Pawa saplai ya swichi haiwezi kuirudisha ukutani, kwa hiyo volti zinapanda mpaka ulinzi unakata, na mteja analalamika kwamba mashine "inazimika yenyewe kwenye besi". Dawa ni kapasita kubwa zaidi kila upande. Nyingine ni kugeuza wimbi la mkono mmoja wa stirio na kugeuza pia nyaya za spika yake: sauti inabaki ileile, lakini mkono mmoja unavuta pale mwingine unaporudisha.

Makosa yanayounguza

Sisi wenyewe tulijifunza moja kwa hasara. Katika kikao cha uhamasishaji, msaidizi mwenye nia njema aliunganisha nyaya hasi za spika zote mbili ili kuokoa waya, kama ilivyozoeleka kwenye redio za zamani. Kibao kilizimika kabla hatujasalimia watu, na kikao kikaendelea kwa kupaza sauti. Kwenye vibao hivi waya hasi wa spika si waya wa sifuri, nao unasukumwa. Usiunganishe hasi na hasi, wala usiuguse kwenye bodi ya kasha. Spika zilizounganishwa hasi ndani, kama za baadhi ya magari, hazifai mpaka zitenganishwe.

Kugeuza chanya na hasi za umeme unaoingia huua kibao mara moja. Fundi aweke fyuzi na dayodi ya ulinzi mlangoni, vitu viwili vya bei ndogo. Kwa kibao kinachovuta ampea 5, fyuzi ya 6 au 7 inatosha. Fyuzi ya betri ikae karibu na betri yenyewe, maana betri ya asidi ikipigwa shoti huweza kuyeyusha waya na kuwasha godoro lililo jirani.

Pawa saplai ya swichi iliyofunguliwa ni hatari hata baada ya kuchomolewa. Kapasita yake kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 kwa muda. Usiimalize kwa bisibisi. Fundi hutumia rezista na hupima kwa mita kabla ya kugusa. Kama pawa saplai ina pini ya erthi, nyumba iwe na erthi kweli. Mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye wa kwanza kupigwa kasha likivuja umeme.

Na ekstensheni moja isibebe amplifaya, pasi na jiko. Moto wa gereza la Gitega wa Desemba 2021, uliowaua makumi ya watu, wizara ya mambo ya ndani iliueleza kuwa ulitokana na shoti ya umeme. Amplifaya ya daraja D haivuti sana. Ni nyaya zilizofungwa kwa nailoni badala ya tepu zinazotutia hofu tunapotembelea nyumba.

Unapokwenda kununua

Hatuandiki bei hapa kwa sababu zingekuwa zimebadilika kabla hujasoma. Nenda na simu yenye wimbo wenye besi unaoufahamu, na kama unaweza, nenda na spika zako. Mwombe muuzaji, au fundi wa Buyenzi au wa mtaani kwako, akuoneshe mambo haya kwa mita: volti za adapta bila mzigo, na volti zilezile muziki ukiwa juu. Adapta ya 12 V inayoshuka mpaka 9 muziki ukipanda si ya mashine hiyo, hata kama imetoka kwenye boksi lake. Inua adapta mkononi pia: ya wati 60 iliyo nyepesi kama ganda la kiberiti ina upungufu ndani.

Ukipangia pesa yako, tunashauri nusu au zaidi iende kwenye chanzo cha umeme, waya na fyuzi, na kinachobaki kwenye kibao. Wauzaji hupanga kinyume, kwa sababu kibao ndicho chenye taa za rangi. Lakini kibao kikiungua unaweza kukibadilisha peke yake, huku chaja nzuri ya 19 V au betri iliyotunzwa itaendesha kibao kinachofuata, itachaji simu na kuwasha taa ya mtoto anayesoma.

Pawa saplai iliyokufa mpe fundi. Koili, dayodi na mabati ya kupozea joto hutumika tena. Betri ya asidi iliyochoka usiipasue wala usiimwage mtaroni. Maji yake huchoma ngozi na risasi yake ni sumu, hasa kwa watoto. Irudishe kwa muuzaji wa betri, ambaye kwa kawaida huinunua kwa uzito.